Nyumba kongwe, pagale au nyumba ya mwenzio: pa kuanzia biashara ya kupangisha Tabora

Aliyeuza tumbaku vizuri, mwalimu aliyepokea kiinua mgongo na dada aliyetoka kuvunja kikoba, wote hufika kwenye swali moja: hela hii niiweke kwenye nyumba gani ili inirudie kama pango? Hapa Tabora ukilitupa swali hilo kwenye kijiwe cha madalali hutamaliza soda yako kabla ya kupata majibu matatu, na kila jibu lina nyumba ya kukuonyesha leo leo. Dalali atakulinganishia bei na bei. Yanayozitofautisha nyumba hizi kwa kweli hayamo kwenye bei.

Nitalinganisha njia tatu ambazo mwenye mtaji mdogo anaweza kuanza nazo mjini hapa. Ya kwanza ni kununua nyumba kongwe ya matofali ya udongo kwenye mitaa ya zamani, kama Ng'ambo, Isevya, Kanyenye au Gongoni, ukaikarabati na kuipangisha chumba kimoja kimoja. Ya pili ni kununua pagale pembezoni, tuseme upande wa Ipuli au Malolo, ukalimalizia na kulipangisha nyumba nzima. Ya tatu haina kununua: unamfuata mwenye nyumba iliyochakaa, unaitengeneza kwa hela yako, mnakatana kwenye pango, na wewe unapangisha kwa wengine. Ya kwanza na ya tatu nimezipitia mwenyewe. Ya pili naijua kupitia kaka yangu wa Dar es Salaam, aliyenifanya msimamizi wake bila mshahara.

Jambo dogo kuhusu maneno. Kiswahili chetu kinaita "kodi" anacholipa mpangaji na pia anachodai TRA, mamlaka ya mapato, na mtu akisema "kodi imenishinda" hujui umwonee huruma kwa lipi. Humu cha mpangaji nitakiita pango, kodi ibaki ya serikali.

Maswali ya kuuliza kila nyumba

Yawe yaleyale kwa nyumba zote, la sivyo utajikuta umeipenda moja kwa sababu ya mwembe uliopo uani.

Kwanza, fedha zote ni kiasi gani hadi mpangaji wa kwanza aingize godoro lake, si bei ya kununua peke yake. Pili, karatasi zinasemaje, na nani mwingine ana sauti juu ya nyumba hiyo. Tatu, kazi ya ujenzi yenyewe: ndani ya ukuta, chini ya sakafu na juu ya dari kuna nini. Nne, ni mpangaji gani atakuja, na huondoka lini. Tano, nyumba hiyo itataka uwepo wako siku ngapi kwa mwezi.

Hilo la tano mimi nalipa uzito kuliko bei. Nimewaona watu wenye hela nyingi wakishindwa na nyumba ndogo kwa sababu wako Mwanza na nyumba iko Isevya, na nimemwona mama mmoja muuza maandazi akiendesha vyumba vinane bila kelele kwa sababu anapita pale kila asubuhi akienda sokoni.

Mambo yanayozigusa zote tatu

Kalenda. Mvua zetu huanza Novemba na kukatika karibu na Mei. Kazi ya paa, kuta na mashimo ya choo ni ya kiangazi. Vyuo navyo hufungua mwaka mpya wa masomo Oktoba na Novemba, na Tabora ni mji wa vyuo: AMUCTA, Chuo cha Utumishi wa Umma ambacho wazee bado wanakiita Uhazili, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Nyuki, VETA na vya afya. Kalenda hizi mbili zimekaa vizuri kwa anayewahi. Ukianza Mei ukamaliza Septemba, wanafunzi wanakukuta na rangi bado inanukia. Ukianza Agosti, Novemba itakukuta umeezua bati, na wanafunzi wameshapata vyumba kwingine hadi mwaka unaofuata. Kikwazo ni kwamba katikati ya mwaka wakulima waliolipwa tumbaku nao wanajenga, kwa hiyo fundi mzuri mpe ahadi mapema, tena ahadi yenye kianzio.

Umeme. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya makato mengine, na zinazozidi hapo huwa shilingi 350. Mteja wa kawaida ni shilingi 292. Sasa fikiria vyumba sita kwenye mita moja: friji ya huyu, pasi ya yule, redio ya wa tatu isiyozimwa. Uniti 75 hazifiki hata katikati ya mwezi. Mkianza kuchangishana, mwenye taa moja anamlipia mwenye friji, na ugomvi huo ukiuacha utakufukuzia wapangaji wazuri kwanza. Kuna dawa mbili: kila mpangaji mita yake ya TANESCO, ambayo tangu Januari 2022 kwa mjini ni shilingi 320,960 ikiwa nyumba iko ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, au mita ndogo za ndani, ambapo LUKU, yaani mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ni moja lakini matumizi ya kila chumba yanasomeka. Ya pili ni rahisi kwenye mfuko, ila lazima mtu asome namba na kukusanya. Ni uwepo uleule niliousema.

Kodi. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa tangu Julai 2023. Kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, andika kwenye mkataba mtarudishianaje. Ukiona mita zaidi ya moja za nyumba moja zinakatwa, zipeleke namba zake TRA zirekebishwe. Kuna pia kodi ya zuio ya pango, asilimia 10. Wengi huipiga hesabu baada ya kula pango, nami nashauri uitoe kwenye makadirio tangu siku ya kwanza.

Njia ya kwanza: nyumba kongwe ya mjini

Nyumba ya Kiswahili ya zamani ni kama iliyochorwa kwa ajili ya biashara hii. Ukumbi katikati toka barazani hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kila kimoja na mlango wake, jiko na choo nyuma. Huhitaji kuhamisha ukuta hata mmoja ili upate vyumba sita.

Fedha. Tarakimu ninazotumia ni mfano wa kupigia hesabu tu, si bei za soko, weka zako. Tuseme nyumba na ukarabati vimekula milioni 18, na vyumba sita kila kimoja ni shilingi 40,000. Kwenye karatasi ya dalali hiyo ni 240,000 kwa mwezi, 2,880,000 kwa mwaka, na hela yako imerudi kwa miaka sita na kidogo. Sasa toa mwezi mmoja na nusu wa vyumba kukaa vitupu. Unabaki na 2,520,000. Toa asilimia 10 ya serikali, toa 300,000 za matengenezo na 18,000 za kodi ya majengo. Umebaki na 1,950,000, na miaka imekuwa tisa na ushee. Bado ni biashara, ila ni biashara tofauti na uliyouziwa kijiweni.

Karatasi. Hapa ndipo penye miiba. Nyumba nyingi za mitaa hii ni za urithi. Anayekuuzia anaweza kuwa mtoto mkubwa, anayeishi humo, mwenye funguo zote, na bado asiwe na haki ya kuuza peke yake. Dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, kisha uwaone warithi wengine kwa sura na saini zao ziwemo kwenye mkataba. Kama muuzaji ana ndoa na nyumba ni ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzake. Halafu uliza: kuna hati miliki, leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa? Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi, lakini upekuzi wa umiliki unafanyika ofisi ya ardhi.

Kazi. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoungua. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na kuta za matofali mabichi, nene, za baridi mchana wa Oktoba. Fundi akaniambia, "Bosi, tuipige plasta ya saruji, itakuwa kama mpya." Ikawa kama mpya miezi minne. Mvua ya Januari ilipokolea, unyevu ukapanda toka chini, saruji ikauzuia kutoka, udongo nyuma yake ukalainika, na plasta ikaanguka kwa vipande vikubwa kama sinia. Mpangaji mmoja aliamka usiku akidhani ni mwizi. Nilichojifunza kwa gharama hiyo ni kwamba ukuta wa udongo unataka kupumua: lipu ya udongo na chokaa inaushika vizuri kuliko saruji. Ukilazimika kutumia saruji, weka wavu wa kuku uliopigiliwa ukutani, na kabla ya hapo uondoe chanzo cha maji.

Chanzo hicho karibu kila mara ni paa fupi na uwanja uliopanda. Miaka inavyokwenda, watu wanafagia na kumwaga taka, barabara inajazwa kifusi, na nyumba inabaki chini ya mtaa wake. Kwa hiyo utaratibu wangu wa sasa ni huu: kwanza mfereji na mkanda wa zege au mawe kuzunguka msingi, pili paa na urefu wa bati nje ya ukuta, tatu kuta, nne sakafu na umeme, mwisho rangi. Kila anayeanza huanza na rangi. Nami nilianza nayo.

Mchwa nao ni wenyeji wa Tabora kuliko sisi. Tafuta vile vinjia vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea darini, na uchome boriti kwa msumari: ukizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, jumlisha paa zima kwenye bei. Mbao za kubadilisha zipakwe dawa, na kwa fremu za milango mninga bado hauna mpinzani, ingawa bei yake itakufanya uhesabu milango mara mbili.

Mwisho, choo. Shimo likijaa, gari la kunyonya linapita kwenye uchochoro huo? Kama halifiki na uani hakuna nafasi ya shimo jipya, umenunua tatizo lisilo na fundi.

Mpangaji. Vyumba vya mitaa hii havikai vitupu muda mrefu. Wapo wa sokoni, wa bodaboda, wanafunzi, muuguzi mpya wa hospitali ya Kitete anayetafuta pa kujishikiza. Wengi watakulipa mwezi kwa mwezi au miezi mitatu, na wanahama kirahisi vilevile. Mwanafunzi mpe mkataba wa mwaka wa masomo na umweleze mapema kuhusu likizo ndefu: analipa nusu, au anaachia chumba?

Uwepo. Mkubwa kuliko njia zote. Wapangaji sita ni bomba moja, choo kimoja, foleni moja ya asubuhi. Kama huwezi kupita hapo angalau mara moja kwa wiki, tafuta mpangaji mmoja mtu mzima wa kukuwakilisha na umpunguzie pango.

Njia ya pili: pagale la pembezoni

Pagale kila moja lina sababu ya kusimama. Mwenyewe amehamishwa kazi, ameishiwa, ameachana na mkewe, amefariki. Sababu hiyo ndiyo swali la kwanza, kwa kuwa mbili za mwisho zinakurudisha kwenye ridhaa ya ndoa na mirathi kama kule mjini.

Fedha. Watu hudhani nyumba ikishapauliwa imekwisha. Kaka yangu alidhani hivyo. Baada ya bati kuna umeme, maji, dari, plasta, milango, madirisha na nondo zake, taili, choo cha ndani, shimo la maji taka, rangi, na kisha mpangaji anauliza, "Fensi iko wapi?" Tuseme kununua na kumalizia ni milioni 32, na nyumba nzima inapangishwa shilingi 200,000. Kwa mwaka ni 2,400,000. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu inakuwa 2,200,000. Toa asilimia 10, toa 150,000 za matengenezo na 18,000 za kodi ya majengo. Unabaki na 1,812,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi na saba kurudisha hela. Mbona basi watu wenye akili wanaifuata? Kwa sababu ardhi yenyewe inapanda wakati wewe umelala, na kiwanja kilichopimwa chenye nyumba mpya ni rahisi kuuzika au kuwekwa dhamana benki. Anayenunua pagale ananunua kiwanja kwanza, pango ni posho ya kumsubirishia.

Karatasi. Hapa inaweza kuwa nyepesi sana au mbaya sana. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati au ofa, yaani barua ya kumilikishwa, utapekua na kumaliza kwa siku chache. Kama ni shamba lililokatwa vipande na mwenyewe, huenda pagale limekaa kwenye barabara ya mchoro wa mipango miji. Beba namba ya kiwanja hadi ofisi ya ardhi ya manispaa, na ulizia pia kibali cha ujenzi kilichotumika.

Kazi. Faida kubwa ni kwamba kuta ziko uchi. Hakuna plasta ya kuficha dhambi. Tazama linta juu ya madirisha, nyufa za kupanda kwa ngazi, na matofali ya juu ambayo yamenyeshewa misimu mitatu bila bati. Mwite fundi ambaye hatapewa kazi hiyo aikague, umlipe siku yake. Atakuambia ukweli, kwa kuwa hana cha kuuza.

Maji siku hizi si kitisho kama zamani. Tangu bomba la Ziwa Victoria lifike Tabora, mji hautegemei tena bwawa la Igombe peke yake. Hata hivyo uliza TUWASA, mamlaka ya maji ya mji, bomba la mtaa liko umbali gani na pagale lako, na weka tanki. Kwa umeme, ile 320,960 ni ya ndani ya mita 30. Ukihitaji nguzo, hesabu nyingine inaanza.

Mpangaji. Ni mtumishi wa serikali mwenye familia, mtu wa benki, mhandisi wa mradi. Analipa miezi sita au mwaka, anakaa, anapanda maua. Ila ni wachache, wanachagua, na akihama nyumba nzima inakaa giza. Ujenzi wa reli ya kisasa umeleta wageni wa aina hii, na baadhi yao hulipa bila kubishana. Mimi nisingekopa kwa kutegemea pango la mjenzi wa reli: kazi yake ikisogea mbele, naye anasogea. Tofauti ni wale watakaobaki kuiendesha, kwa kuwa Tabora ni njia panda ya reli ya Mwanza na Kigoma tangu enzi za mkoloni na haielekei kuacha kuwa hivyo.

Uwepo. Ukiwa na mpangaji ndani, mdogo kabisa. Hata aliye Dar es Salaam anaweza. Wakati wa kumalizia ni kinyume chake. Saruji ya kaka yangu ilikuwa "inaisha" kila Ijumaa mpaka nilipoanza kuhesabu mifuko mitupu.

Njia ya tatu: kukarabati nyumba ya mwenzio

Mjini kuna wenye nyumba, mara nyingi wazee, ambao nyumba inawaanguka na hela hawana. Unakubaliana naye: nyumba yako ikiwa nzima pango lake lingekuwa kiasi fulani, mimi naitengeneza, nusu ya pango nakupa mkononi, nusu inafidia gharama zangu hadi ziishe.

Fedha. Mfano: ukarabati milioni 3, pango mliloafikiana 100,000 kwa mwezi, unampa 50,000 na 50,000 inakatwa. Milioni 3 itakwisha kwa miezi 60, yaani miaka mitano. Wewe unapangisha vyumba vinne kwa 40,000 kila kimoja. Ukitoa mwezi na nusu wa utupu, mwaka unaingiza 1,680,000. Mwenye nyumba anachukua 600,000, serikali 168,000, matengenezo 100,000. Umebaki na 812,000. Kabla ya mwaka wa nne kuisha hela yako imerudi, na hadi mwisho wa mkataba umepata faida ya milioni moja na kidogo. Si utajiri, na baada ya miaka mitano huna hata tofali. Lakini umejifunza mafundi, wapangaji na TRA kwa milioni 3 badala ya 18.

Karatasi. Mkataba hapa ndiyo mali yako yote. Mimi mara ya kwanza nilifanya kwa mdomo na bibi mmoja niliyemheshimu, na ninamheshimu hadi leo. Nilipomaliza paa, mwanawe akarudi toka Mwanza. Nikaenda, shikamoo bibi, nikaeleza makubaliano yetu. Akaniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, nyumba ni ya wanangu pia." Hakuwa amesema uongo. Mimi ndiye sikuuliza.

Kwa hiyo mkataba uandikwe na wakili, na uwe na orodha ya kazi na bei zake, iliyosainiwa kabla ya nyundo ya kwanza. Picha za kabla na baada. Ruhusa ya maandishi ya wewe kupangisha wengine. Na kitakachotokea akifariki, akiuza au akitaka nyumba yake kabla ya muda. Andika kabisa kwamba salio la gharama litalipwa taslimu siku utakayotolewa. Watoto wakubwa waweke saini kama mashahidi.

Kazi. Chagua nyumba inayohitaji bati, sakafu, choo na rangi. Inayohitaji msingi au ukuta mpya iache. Msingi ni wa mwenye mali.

Mpangaji ni yuleyule wa njia ya kwanza, na uwepo ni uleule pamoja na mmoja zaidi: kumtembelea mwenye nyumba. Usimpelekee pango kwa simu miezi kumi na miwili mfululizo. Nenda, keti, akueleze habari za magoti yake. Anapoona nyumba imependeza kuliko alivyotarajia, ni vizuri akuone na wewe mara kwa mara.

Uko upande gani?

Uko Tabora, una muda, mtaji unatosha nyumba moja na unataka hela ya kila mwezi: tazama nyumba kongwe kwanza, ukiwa tayari kuacha tatu ambazo warithi wake hawaonekani. Usijitese kwa kuzifuata kwa sababu bei ni nzuri.

Uko mbali, una mshahara, na pango hulitegemei kula: pagale kwenye kiwanja kilichopimwa linakufaa zaidi. Tafuta msimamizi, na umlipe. Kaka yangu anasoma hapa.

Una milioni mbili au tatu na hujawahi kumsimamia fundi hata siku moja: njia ya tatu, yenye mkataba wa wakili. Ukikosa mwenye nyumba wa kueleweka, hiyo hela iache kwenye kikoba mwaka mmoja zaidi.

Una kiwanja chenu cha familia chenye ua mpana: huenda huhitaji njia yoyote kati ya hizi. Vyumba viwili vya uani, kila kimoja na mlango na mita yake, havina bei ya ardhi. Chukua kibali cha ujenzi cha manispaa, na kaa na ndugu kwanza muandikiane pango litagawanywaje, wakati bado mnacheka pamoja.

Umekopa, na marejesho yanaanza mwezi ujao: hakuna hata moja. Zote tatu zina miezi ya kula bila kuleta.

Na kama hela imekufikia Oktoba au Novemba, kiangazi kimeshakupita. Usinunue bado. Zitembelee Januari zile nyumba ulizozipenda, asubuhi baada ya mvua kubwa, na tochi mkononi. Omba upande darini, kisha uzunguke nyuma utazame maji yamesimama wapi.